Dimbwi Lililozungushiwa Uzio

Wageni walimkuta Gavrila Hodor akiwa amevaa sketi ya mkewe.

Hakuwa mlevi wala hakuwa mwendawazimu. Alikuwa anakamua. Kila mtu pale kijijini Mesteacu anajua kwamba nyati wa kufugwa si ng'ombe. Ng'ombe humpa maziwa yeyote mwenye mikono, lakini nyati huyazuia mpaka amnuse mtu wake. Mtu wa nyati hawa alikuwa Rafila, mke wa Gavrila, na Rafila alikuwa Italia mwaka wa nne sasa, akimlea bibi kizee wa watu. Kwa hiyo kila alfajiri na kila jioni, mwanamume wa miaka sitini na moja, sharubu zake zikiwa kamili usoni, alijifunga sketi ya maua na aproni ambayo haikufuliwa makusudi tangu Rafila aivae likizo ya Krismasi. Kisha akafunga kitambaa kichwani mpaka chini ya kidevu, akakaa kwenye kigoda, na nyati wake mzee, Joiana, akaridhika kuachia maziwa.

Wageni walikuwa wanne. Kiongozi wao alikuwa Anca Pridon, dada wa mjini mwenye miaka thelathini hivi, msimamizi wa mradi wa kuhifadhi mabwawa na kuviandaa vijiji kwa ukame. Wengine walitoka kwa wafadhili, mbali huko, na mmoja wao, mwanamume mrefu mwenye kofia, alipochungulia zizini aliangua kicheko. Si kicheko kibaya, tuseme ukweli, lakini kicheko hata hivyo. Akatoa simu yake.

"Anasema usisogee, Mzee Gavrila," Anca alitafsiri. "Anasema mwanga ni mzuri sana."

Gavrila alitaka ardhi ipasuke immeze. Angeweza kuinuka akatoka, lakini nyati akikatizwa katikati ya kukamuliwa huyabana maziwa yaliyobaki mpaka kesho. Basi akauficha uso wake ubavuni mwa Joiana, akaendelea kukamua, na akapigwa picha tano.

Baadaye, akiwa amerudia suruali yake, aliwateremsha hadi dimbwini. Lilikuwa chini ya nyumba, mwisho wa malisho, na ndilo lililowaleta. Humo walizaliana vyura wadogo wenye tumbo la njano, ambao mahali pengi wamekwisha. Mwezi wa pili Gavrila alikuwa ametia saini mkataba. Nusu ya ruzuku ililipa kuchimba tope, kujenga kingo na kusimamisha uzio wa nyaya kuzunguka dimbwi lote. Nusu ya pili, lei elfu kumi na nane kwa fedha ya nchi hiyo, ingelipwa baada ya ukaguzi wa Julai ishirini, sikukuu ya Mtakatifu Ilie, iwapo uzio ungebaki umefungwa na ukwato hata mmoja usingeingia vyura wakiwa wanazaa. Kwenye nguzo moja walifunga kamera ndogo, ya kupiga picha kila kitu kinachopita.

Kwa fedha hizo Gavrila angenunua tangi la kupozea maziwa. Duka moja la mjini lilikuwa tayari kuchukua malai yote ya nyati, yale mafuta ya juu ya maziwa, kwa bei ya kueleweka, mradi tu yafike ya baridi. Na malai yakiuzwa, Rafila hangekuwa tena na sababu ya kuwaosha wazee wa wengine. Kwenye karatasi za mradi liliandikwa tangi. Gavrila aliliona kama mke anarudi nyumbani.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkera tangu siku ya kwanza, na siku hiyo alilisema.

"Dada Anca, hawa vyura wanakuja kwa sababu ya nyati. Nyati akigaagaa anaacha mashimo matopeni. Shimo linajaa maji, linapata joto, chura anataga humo. Sasa mkiwafungia nje nyati, chura atataga wapi?"

"Hilo nitaliandika, Mzee," Anca alisema, na kweli alikuwa ameshika kalamu. Ila mgeni mwenye kofia akamwita aone kereng'ende, naye akaenda. Gavrila aliiona kalamu ikirudi mfukoni bila kuandika kitu.

*

Rafila alipiga simu kila Jumapili, bibi kizee akishalala usingizi wa mchana. Aliuliza habari za nyati kwanza, za mumewe baadaye, na wote wawili walijua huo haukuwa upungufu wa mapenzi. Nyati walikuwa watatu, na majina yao yalitokana na siku walizozaliwa kama desturi ilivyo: Joiana wa Alhamisi, Dumana wa Jumapili na Lunaia wa Jumatatu. Joiana ndiye aliyekuja na Rafila alipoolewa. Alizaliwa katika zizi la baba yake Rafila, na sasa alikuwa mzee.

Jumapili ya kwanza ya Juni, Rafila alikuwa na neno.

"Nimemwambia mtoto wa bibi atafute mtu mwingine," alisema. "Mwisho wa Julai namaliza. Usinigombeze."

"Sikugombezi. Ila ungengoja pesa ziingie kwanza."

"Nimengoja miaka minne, Gavrila. Bibi mwenyewe hanijui. Leo kaniita kwa jina la dada yake aliyekufa, nikaitika. Nikiendelea hivi nitasahau langu." Kisha akacheka, ili asilie. "Wewe kazi yako ni moja tu. Lango la uzio lisifunguliwe. Utaweza?"

"Nimetia saini," alisema Gavrila.

Wanaomjua watakuambia kwamba hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Wapo watu ambao saini kwao ni wino tu. Kwa Gavrila ilikuwa kiapo. Mwaka aliotia saini kumdhamini shemeji yake, aliuza farasi ili alipe deni lisilo lake, na hakumlaumu mtu. Mesteacu walimheshimu kwa hilo, na walimcheka kwa hilohilo.

*

Mvua ya mwisho ilinyesha katikati ya Juni, ikalowesha vumbi tu. Baada ya hapo jua lilichomoza kila siku likiwa na hasira mpya. Wiki ya mwisho ya mwezi kipimajoto cha duka la dawa kilisoma thelathini na saba, kisha thelathini na tisa. Padri aliwaongoza watu hadi mashambani na misalaba na mabendera kuomba mvua. Mbingu haikuonyesha hata wingu.

Binadamu atatafuta kivuli, atakunywa maji, atalalamika. Nyati hana jasho la kumsaidia, na ngozi yake nyeusi inakusanya jua lote. Dawa yake ni moja, kulala majini mpaka puani na kujipaka tope. Tangu zamani nyati wa Mesteacu walishuka dimbwini saa nne asubuhi wakatoka jioni. Sasa wale watatu walishuka saa ileile, wakafika kwenye uzio, wakasimama. Hawakulia wala hawakuusukuma. Walisimama tu wakiyatazama maji, na Gavrila aliyekuwa akiwatazama dirishani aliona haya, kama mtu aliyewanyima wageni chakula na chungu kinaonekana mekoni.

Alifanya alichoweza. Aliteka maji kisimani, ndoo baada ya ndoo, akalowesha magunia akawatandika migongoni. Magunia yalikauka kabla hajarudi na ndoo nyingine. Siku ya nne kamba ya kisima ikawa inaleta tope, na maji ya bomba yalifungwa mchana kijiji kizima. Kiasi cha maziwa kilishuka, lita kumi zikawa sita, sita zikawa tatu.

Na dimbwini kwenyewe mambo yalikuwa ya ajabu. Bila nyati wa kukanyaga, magugu yalikuwa yameota mpaka katikati, na maji yaliyosalia yalifunikwa na utando wa kijani. Miaka mingine wakati kama huo vyura walilia mpaka mtu akose usingizi. Mwaka huu kulikuwa kimya.

Julai mbili alipiga simu ofisi ya mradi. Kijana mmoja mwenye adabu alimwambia kwamba Bi. Anca yuko likizo hadi tarehe kumi na tano, na kwamba mabadiliko yoyote ya mkataba huombwa kwa maandishi, kwenye fomu iliyoko mtandaoni, na hujibiwa ndani ya siku thelathini. Gavrila alihesabu kwa vidole. Siku thelathini zingeisha ukaguzi ukiwa umepita.

Alikwenda hata hivyo ofisi ya kata ili katibu, Bi. Valeria, amjazie ile fomu. Ukutani pale mlangoni alikuta bango jipya la mradi, kubwa kama mlango, na katikati ya bango alikuwa yeye mwenyewe, na kitambaa cha maua, na sketi. Watu wawili waliokuwa kwenye foleni walimtazama yeye, wakatazama bango, wakainamisha vichwa ili asione wanavyocheka. Gavrila alijifanya anatafuta miwani yake mfukoni.

"Sababu ya ombi," Bi. Valeria alisoma kwenye kompyuta. "Kuna orodha hapa. Mafuriko, moto, wizi, ugonjwa wa mifugo."

"Joto."

"Joto halimo."

"Mradi ni wa ukame, Valeria. Halimo vipi?"

"Siyo mimi niliyeiandika, kaka Gavrila. Nitaweka 'Nyinginezo'."

*

Jirani yake Pamfil, mfugaji wa kondoo, alikuja jioni moja na chupa ya palinka, pombe kali ya matunda. Alianza kwa kumwita mama Gavrila na kumuuliza kama sketi ile inapatikana kwa saizi yake. Alipoona jirani yake hatabasamu, aliiweka chupa chini.

"Wafungulie wanyama, bwana. Leo hii."

"Kuna kamera."

"Kamera nitaivalisha kofia yangu. Itaona giza, itafikiri ni mawingu, itashukuru kama sisi wengine."

"Nimetia saini, Pamfil."

"Na wao walitia saini kwamba patakuwa baridi?" Pamfil alielekeza kidevu zizini. Kisha akasema polepole, bila mzaha, "Yule Joiana mzee hatamaliza wiki. Wewe unaona. Hata mimi wa kondoo naona."

Gavrila aliona. Lakini kila alipoiwaza koleo yake ya kukatia nyaya, aliwaza pia lei elfu kumi na nane, na tangi, na Rafila akiitika jina la marehemu katika nyumba ya watu. Zilibaki siku kumi. Mnyama aliyeishi miaka ishirini na mbili, alijiambia, atavumilia siku kumi. Alijiambia hivyo usiku na asubuhi, kama mtu anayejisomea barua ambayo ameiandika mwenyewe.

Siku ya Julai kumi na mbili, Joiana hakusimama kwenye uzio. Alilala hapo, kifua chini, shingo ameinyoosha, pua ameipitisha kati ya nyaya kuelekea maji. Ulimi ulikuwa nje. Gavrila alimwona kutoka uani, akaidondosha ndoo, akakimbia na koleo bila hata kuvaa kofia. Alikata waya wa kwanza, wa pili, wa tatu, akaurarua uzio kwa mikono mpaka viganja vikatoka damu. Dumana na Lunaia walimpita kwa kasi wakajitupa ndani, na magugu yote yakalala.

Joiana hakuinuka. Gavrila alimsukuma, akamvuta pembe, akamwagia maji ya kijani kwa kofia ya Pamfil, maana Pamfil naye alikuwa amefika mbio. Wawili hao hawangeweza kumburuta mnyama wa kilo mia sita hatua nane hizo mpaka majini. Wakawa wanachota tu na kumwaga, kuchota na kumwaga, bila kusemezana, hadi Pamfil akamshika mkono.

"Basi, kaka. Basi sasa."

Gavrila alikaa matopeni akalia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, na hakujali nani anamsikia. Kamera ile nguzoni ilifanya kazi iliyowekewa.

*

Jumapili alimwambia Rafila. Alijaribu kuanzia mbali, na joto, na fomu, na katibu. Rafila alimkatiza.

"Ni nani kati yao?"

"Joiana."

 Gavrila alimsikia anavyopumua.

"Alikuwa upande gani wa uzio?" Rafila aliuliza.

Hakutaka kujibu swali hilo. Alijibu.

"Mimi nilikwambia lango lisifunguliwe," Rafila alisema. "Mimi, Gavrila, kwa mdomo wangu. Nikiwa nimekaa kwenye kivuli." Wala hakumlaumu, na Gavrila angependa alaumiwe.

Anca alirudi likizo akaja kukagua, Julai ishirini, peke yake, na viatu vya tope ambavyo havikuhitajika. Alizunguka dimbwi mara mbili akiinama, akachota maji kwa kikombe, akatafuta mayai na viluwiluwi. Hakupata kimoja. Halafu akaishusha kamera, akatazama picha zake akiwa amesimama pale nyaya zilipokatwa. Alitazama muda mrefu.

"Mzee, ungenipigia," alisema hatimaye, macho yamemwiva.

"Nilipiga."

Alieleza yale aliyopaswa kueleza. Uzio ulifunguliwa siku nane kabla ya muda, na picha zipo kwenye mfumo, yeye hana uwezo wa kuzifuta. Sehemu ya pili haitalipwa. Ile ya kwanza angepigania isidaiwe. Gavrila alimshukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na akampa birika la maziwa aondoke nalo. Anca alilikumbatia mpaka kwenye gari.

Rafila alimwomba mtoto wa yule bibi kizee amruhusu kubaki. Alikubaliwa, ila mshahara ulipunguzwa yuro hamsini, kwani mwanamke wa kuchukua nafasi yake alikuwa ameshapatikana na alikuwa wa bei nafuu. Ukame ulimaliza majani, na hapakuwa na akiba ya msimu wa baridi. Mwezi wa tisa Gavrila aliwauza Dumana na Lunaia kwa mchuuzi wa nyama. Walipopandishwa gari walikuwa wakaidi, wakakataa ngazi, mpaka akaingia nyumbani akavaa sketi na kutangulia mbele yao kwenye lori. Wakamfuata bila shida.

*

Anca alirudi mwishoni mwa Oktoba. Safari hii alikuwa na furaha iliyomtoka usoni hata kabla hajafunga mlango wa gari. Gavrila alimkaribisha jikoni, akamkatia jibini la kondoo la Pamfil na mamaliga ya moto, ugali wa mahindi. Zizi ng'ambo ya ua lilikuwa wazi, na ndani aliweka kuni.

Anca hakuweza kungoja chakula. Mabwawa kumi na moja ya mradi yaliyozungushiwa uzio, alisema, yote yalipoteza vyura. Mabwawa matatu ambayo wenyewe walikuwa wakaidi wakaingiza nyati, vyura wamejaa. Wataalamu wamekaa wakabishana, wakakubali. Mnyama ndiye anayelitengeneza dimbwi. Kanuni imebadilishwa. Uzio unaondolewa, na kuanzia majira ya kuchipua kila kaya yenye nyati italipwa kwa mwaka, miaka mitano, kwa kuwaacha tu wagaagae. Zaidi ya tangi. Zaidi ya matangi mawili.

"Na nimeandika kwenye ripoti kwamba wewe ulisema hivyo tangu Mei," alisema, akitoa karatasi na kalamu. "Jina lako limo, Mzee Gavrila. Nikajiambia fomu ya kwanza lazima niijaze hapa. Una nyati wangapi sasa?"

"Sina."

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Anca aligeuka akatazama dirishani, akaliona zizi na kuni zilizopangwa vizuri mpaka juu.

"Kuna mwingine kijijini mwenye nao?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wetu ndio walikuwa wa mwisho. Kula, dada. Mamaliga ikipoa haina ladha."

Anca alikula kidogo, kwa adabu, akaaga. Jumapili iliyofuata Rafila alipiga saa ileile. Hakuuliza habari za nyati. Aliuliza kama paa linavuja, kama amekata nywele. Gavrila akamwambia Anca alikuja.

"Anataka nini tena?"

Gavrila aliangalia vyombo viwili ambavyo hakuwa ameviosha tangu siku ile.

"Alikuja kusema tulikuwa sawa," alisema.

 Kwa mbali, upande wa pili wa simu, mwanamke mzee aliita jina, na halikuwa jina la Rafila.

"Ameamka," Rafila alisema. "Wacha niende," na kabla simu haijakatika Gavrila alimsikia mkewe akiitika.